Nani anapata hasara? Jibu kwa binti wa Katuba anayetaka kusomea kilimo

"Mama, jambo sana. Nina miaka 19, nakaa Katuba, na mwaka huu nimepata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, tawi la biokemia. Baba anataka nisomee mitambo ili nitafute kazi mine, yaani mgodini, kama ndugu yangu mkubwa aliye Kolwezi. Mimi nataka agronomia, sayansi ya kilimo. Nyumbani wananicheka: 'Usome miaka mitano ili urudi kushika jembe?' Naomba uniambie ukweli. Hapa Lubumbashi kuna kazi gani katika kilimo, nichague njia ipi, na je, mwanamke anaiweza?"

Binti yangu,

Nianze kwa kumtetea baba yako. Mtu aliyelea watoto katika mji huu amejifunza kwamba mshahara unatoka chini ya ardhi. Enzi za Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa ukoloni, mfanyakazi alipewa hata posho, unga wake wa juma, na Gécamines iliyofuata ikasomesha watoto na kutibu wagonjwa. Lakini kama umri wake ni ninaoufikiria, anaukumbuka pia mwaka 2003, pale wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoagwa kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari", hiari ambayo wengi hawakuiona. Niliwashuhudia baadhi yao wakichukua jembe siku hizo. Waliumia. Mtu aliyekaa miaka ishirini mbele ya tanuru hajui mbegu inataka nini, na hakuna aliyekuwa karibu wa kumwambia. Kwa hiyo usibishane na baba kuhusu shaba. Zungumza naye kuhusu mahindi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa kulima ni kweli. Kwa kusomea kilimo mambo yamegeuka: usipochagua jembe utamaliza miaka mitano ukijua kidogo cha kila kitu, na hakuna atakayejua akuite kwa kazi gani. Nimewaona vijana wengi wa namna hiyo, bahasha ya diploma kwapani, wakijibu "naweza chochote" kila wanapoulizwa wanaweza nini. Jibu hilo halijampa mtu kazi.

Wanaokuja kwangu kwa staji, yaani mafunzo ya kazini, huwa nawauliza swali moja, nakuuliza na wewe: ni nani anapata hasara leo kwa sababu ya kitu ambacho wewe ungeweza kukijua? Huyo ndiye atakayekulipa. Usianze kwa kutafuta jina zuri la cheo. Mtafute mwenye hasara.

Tuanze na bukari, yaani ugali, maana mji huu hauli kitu kingine ukajiona umekula. Sehemu kubwa ya unga na mahindi yetu hupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi kutoka hapa. Mwezi wa Februari 2024 rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na mavuno ya mahindi ya nchi ile yakashuka kwa nusu na zaidi. Jirani akipata shida ya namna hiyo hufunga mlango wa ghala ili alishe watoto wake kwanza, na ana haki. Sisi tulio nje ya mlango ndio tunaohisi kwenye sufuria. Wakati huohuo, katika nchi yetu ya Kongo mkulima wa kawaida huvuna chini ya tani moja ya mahindi kwa hekta, ilhali mbegu ya haibridi iliyopandwa kwa wakati na kulishwa vizuri hutoa tani 5 au 6 kwenye ardhi hii hii ya Katanga. Zile tani nne zinazopotea katikati ndizo kazi ya agronomu wa mimea, wa mbegu na wa udongo.

Nikusimulie nilivyoijua kazi hiyo, kwa aibu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushauri wakulima upande wa barabara ya Kipushi. Nilikuwa na buti mpya, daftari jipya na kiburi kipya. Mzee mmoja alikuwa na hekta mbili za mahindi yaliyodumaa, majani yameingia rangi ya zambarau kwenye kingo. Nilisoma darasani kwamba zambarau kwenye mahindi machanga ni njaa ya fosforasi, basi nikamwambia aongeze mbolea. Akauza mbuzi wawili, akaongeza. Mahindi yakabaki palepale. Akaniita. Hakugomba, alinipeleka tu kwenye kichuguu kilichokuwa katikati ya shamba. Unavijua vichuguu vyetu, vile vinavyopita nyumba kwa urefu. Kukizunguka, mahindi yalikuwa ya kijani na yamenizidi kichwa. "Binti," akasema, "hapa sikutia hata kijiko. Mbolea yako imeliwa na nani?"

Iliniuma, lakini chuoni sikuwahi kuulizwa swali la kisayansi kuliko hilo. Udongo wetu mwekundu una asidi nyingi. Katika asidi hiyo alumini na chuma huikamata fosforasi na kuifunga, na alumini yenyewe hufupisha mizizi, kwa hiyo mmea unakufa njaa na chakula kiko mezani. Mchwa wanaojenga vile vilima vikubwa, wataalamu huwaita Macrotermes falciger, kazi yao ya miaka na miaka imekusanya chokaa na madini mengine mazuri ndani ya kichuguu, na asidi hapo imepungua. Mzee alihitaji chokaa kwanza, mbolea baadaye. Kupima pH, yaani kiwango cha asidi, ya udongo ule kungechukua dakika chache, na mbuzi wangekuwa zizini hadi leo. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa udongo.

Tazama hasara zilivyo nyingi katika hadithi hiyo moja. Mkulima amepoteza mbuzi. Mwenye duka la mbolea amepoteza mteja, maana mzee yule hakununua tena kwa miaka mitatu. Aliyemkopesha mkulima angepoteza mkopo. Ndiyo sababu wauzaji wa mbegu na pembejeo wanaotoka Zambia na Afrika Kusini huajiri watu wa kutembea mashambani. Si hisani, wanalinda mauzo. Upande wa Serikali kuna INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo, yenye kituo chake Kipopo hapa karibu, na kuna SENASEM inayokagua mbegu na kuzipa cheti. Kazi ya kukagua mbegu haina makelele, haina picha nzuri za kutuma kwenye simu, lakini mfuko wa mbegu bandia ukipita, familia nzima imepoteza mwaka.

Wapo pia wenye mashamba makubwa. Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga alizitaka kampuni za madini zilime, hekta 500 kila moja. Nilichojifunza kwenye kilimo hicho cha amri ni kwamba trekta hupatikana kwa siku moja, agronomu anayejua wiki ya kupanda hapatikani kwa siku moja. Hapa kwetu msimu wa mvua ni mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili mwanzoni. Anayechelewa kupanda hadi Januari hana mahali pa kujirudi.

Sasa nafika sehemu ambayo ningependa baba aisome mwenyewe.

Anaijua Mumbunda, bomba la moshi la kiwanda cha shaba. Shaba ya kwanza ilitoka kwenye tanuru la Lubumbashi mwaka 1911, na kwa miongo mingi upepo wetu, ambao hutoka zaidi kusini-mashariki, ulibeba moshi ule kuelekea kaskazini-magharibi. Nenda mtaa wa Penga Penga uone palipoangukia. Udongo umejaa shaba na metali nyingine, miti imekufa zamani, mvua inachimba mifereji, na kiangazi vumbi linaingia ndani ya nyumba za watu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walijaribu pale kitu ambacho mtu wa kawaida angekiona cha kitoto: kuotesha nyasi. Si nyasi yoyote. Walichukua jamii zinazoota zenyewe kwenye vilima vya shaba vya Katanga, kama Microchloa kunthii, wakazipanda kwenye udongo uliotiwa chokaa na mboji. Chokaa hupunguza makali ya metali ili mzizi upumue. Mboji huishika na kulisha mmea. Mizizi nayo hushika udongo usiruke wala usioshwe mtoni. Metali haiondoki. Inalazwa usingizi mahali pake.

Vilima vyetu vya shaba vina mimea ambayo mahali pengine duniani huikuti. Kale watafuta madini waliangalia maua ya Haumaniastrum, "ua la shaba", wakajua pa kuchimba. (Wakati mwingine nafikiri yule aliyesoma ua hilo mara ya kwanza alikuwa mtaalamu wa mimea kuliko sisi wenye diploma.)

Hili linahusiana vipi na kazi? Kampuni ya madini haipewi ruhusa ya kuchimba mpaka ifanye tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, pamoja na mpango wa jinsi itakavyozishughulikia. Ndani ya karatasi hizo kuna kazi ambazo injinia wa mitambo hazijui: udongo wa juu ukishaondolewa uhifadhiwe vipi usife, vitalu vya miche vianzishwe wapi, lundo la mawe lifunikwe kwa mmea gani. Kijiji kinapohamishwa, lazima mtu ahesabu mashamba, migomba, miembe na mihogo ya kila nyumba ili watu walipwe. Nimefanya hesabu hizo. Ni kazi ngumu kwa moyo, na ukiifanya vibaya unamwibia mjane bila kumgusa. Juu ya hayo, Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kampuni inayouza kwa dola milioni 100 kwa mwaka inatoa dola 300,000. Sehemu ya fedha hizo huwekwa kwenye miradi ya kilimo, na miradi mingi ya namna hiyo niliyoitembelea ilikuwa imekufa kwa sababu za kijinga kabisa: mbegu zililetwa Februari, kuku waliletwa kabla ya chakula cha kuku.

Mwambie baba hivi: binti yake anaweza kuingia mine kwa mlango wa nyasi. Na shaba ikianguka bei, atatoka kwa mlango uleule aende kwenye mahindi, maana bukari haiangalii bei ya shaba ya soko la London.

Kuna upande mchungu wa habari hiyo ya metali. Kiangazi, kuanzia Mei, mama zetu hulima mboga kandokando ya mito na vijito vya mji: lengalenga (mchicha), matembele, kabichi. Baadhi ya maji hayo na udongo huo vimepokea uchafu wa viwanda kwa zaidi ya karne. Vumbi lililo juu ya jani unaliosha. Kilichopanda kwa mizizi hakioshwi, na lengalenga ni mojawapo ya mboga zinazonyonya metali ya kadimiamu kwa urahisi. Usiogope kula lengalenga. Ulizia tu zimetoka wapi. Kupima mboga, kuwaonyesha akina mama mahali salama pa kulima, kujua ni mboga ipi haivuti metali na chokaa kiasi gani kinatosha, hiyo ni taaluma ya kemia ya kilimo, na wewe wa biokemia ungeingia bila kujikwaa.

Nitakuwa mkweli lakini. Kwa kipimo changu cha hasara, hapa kuna tatizo: anayepata hasara ni mlaji, na mlaji hajui kwamba anapata hasara, kwa hiyo halipi. Kazi hii hulipwa na miradi ya utafiti, na mara chache na duka kubwa au hoteli inayotaka mboga zenye uhakika. Ninaiona kuwa kazi inayohitajika kuliko zote katika mji huu, na inayolipwa vibaya kuliko nyingi. Ukiichagua, ichague ukijua hivyo.

Jirani yake ni kazi ya nafaka baada ya kuvuna, na hiyo ina mlipaji. Mahindi yakiwekwa ghalani na unyevu juu ya asilimia 13 huota ukungu, na ukungu aina ya Aspergillus hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo huiharibu ini na haiondoki kwa kupika. Mwenye kinu, mwenye ghala na mfugaji wa kuku wote wanaweza kupoteza mzigo mzima. Kasumbalesa utakuta watu wa OCC wanaodhibiti ubora wa bidhaa, na wa karantini ya wanyama na mimea. Mama yako anaweza kupima unyevu hata bila mashine: weka chumvi kavu kwenye chupa kavu, ongeza punje za mahindi, funga, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi hayajakauka vya kutosha kuhifadhiwa. Nilimwonyesha hivyo mfanyabiashara mmoja kwenye soko la mtaa wa Kenya hapa mjini, na ndiye mteja wangu wa kwanza aliyelipa bila kukumbushwa.

Mifugo nitaipita haraka kwa sababu si shamba langu. Ukiipenda, kumbuka kuna njia mbili: zootekinia, ambayo iko ndani ya agronomia na inahusu kulisha, kuzalisha na kusimamia mifugo, na udaktari wa mifugo, ambao una kitivo chake chenye jina nchi nzima katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Katika kuku wa mayai, chakula hula asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote. Anayejua kuchanganya chakula kizuri kwa mahindi na soya vya hapa hahitaji kutafuta kazi, wafugaji watamtafuta.

Misitu: makaa ya mji huu yanatoka kwenye misitu ya miombo inayozidi kurudi nyuma kila mwaka, na anayejua kupanda na kusimamia miti ataitwa, ila ajiandae kwa kazi ya mbali na ya subira. Uchumi wa kilimo: mzuri kwa mwenye kichwa cha hesabu anayetaka benki, ushirika au biashara ya nafaka. Ramani na picha za setilaiti: setilaiti za Sentinel-2 hupiga picha za ardhi yetu kila baada ya siku 5 hivi, kila nukta ya picha ikiwa mita 10, na ni bure. Kijana anayejua kuzisoma na anayejua pia mahindi yanafananaje yakiwa na kiu, huyo ni wawili katika mtu mmoja. Anayejua kompyuta tu, wapo wengi.

Halafu kuna mashirika ya misaada. Najua ndoto ya wengi darasani ni gari jeupe lenye bendera. Nimefanya kazi humo miaka minne, sikukufuru: nilijifunza kuandika ripoti, nikalipwa vizuri. Lakini mradi una tarehe ya kufa tangu siku unazaliwa. Mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, watu wenye uzoefu mkubwa walirudi nyumbani kwa wiki chache tu. Waliosimama haraka ni wale waliokuwa na ujuzi wa mkono: kupima udongo, kuzalisha mbegu, kutibu. Waliojua semina tu bado wanatafuta semina.

Kuhusu njia ya masomo. Wazee wa kazi bado watakuuliza wewe ni A ngapi. A2 ni aliyemaliza sekondari ya kilimo, A1 ni wa miaka mitatu ya chuo, A0 ni injinia wa miaka mitano. Siku hizi vyuo vimeingia mfumo wa LMD: licence (shahada ya kwanza) miaka mitatu, master (shahada ya pili) miaka miwili. Kwa hiyo ile miaka mitano wanayokucheka nayo nyumbani haina lazima iwe ya mfululizo. Soma mitatu, fanya kazi miwili, rudi kwa master ukiwa unajua unachokitafuta. Mimi nilifanya hivyo kwa sababu ya umaskini, si kwa busara, na master yangu ilikuwa rahisi mara mbili kuliko ya wenzangu waliopitiliza, kwa sababu kila somo nililikuta nalijua uso wake.

Kabla baba hajalipa minervali, yaani ada ya chuo, popote, nenda mwenyewe ukatembelee. Usiulize sekretarieti, uliza wanafunzi wa mwaka wa tatu. Je, maabara ina vipimo vinavyofanya kazi au ina kabati lililofungwa? Je, chuo kina shamba, na mara ya mwisho walienda lini? Chuo kiwe kimetambuliwa na wizara, hilo halina mjadala. Chuo kimoja nilichowahi kufundisha kwa muda kilikuwa na mahafali mazuri ajabu, na hakikuwa na hata kipimo kimoja cha pH.

Jifunze takwimu, hata kama hesabu zinakuchosha. Jifunze kusoma Kiingereza, kwa sababu dawa na mbegu nyingi zinazovuka Kasumbalesa zimeandikwa kwa Kiingereza, na mkulima atakuletea chupa akuulize achanganye kiasi gani. Ukikosea hapo unaunguza shamba au unamdhuru mtu. Na jifunze kuendesha pikipiki.

Hilo linanileta kwenye swali lako la mwisho. Mwanamke anaiweza. Sitakuambia lakini kwamba ni sawasawa. Bosi wangu mmoja alininyima kwenda shambani mwaka mzima "kwa usalama wangu", kisha akaandika kwenye tathmini kwamba sina uzoefu wa shambani. Wapo watakaokupa staji kwa masharti yasiyo ya kazi. Staji ya namna hiyo iache siku hiyohiyo, nyingine utapata. Upande wa pili wa mizani: sehemu kubwa ya kupalilia, kuchagua mbegu na kuhifadhi chakula iko mikononi mwa wanawake, na mambo wanayoniambia nikiwa nimekaa nao tunapukuchua mahindi, mwenzangu mwanaume hajawahi kuambiwa. Mwaka mmoja mzima tulishindwa kuelewa kwa nini kijiji kimoja kilikataa mbegu yenye mavuno mengi. Wanaume walisema ni bei. Wanawake waliniambia unga wake unafanya bukari inayopasuka. Bukari ikipasuka mume hali. Habari ikaishia hapo.

Mvua bado haijaanza, kwa hiyo una muda wa kujaribu kabla ya kuamua. Omba kwa mjomba au jirani kiwanja cha mita 10 kwa 10, ukigawe sehemu nne za mita 5 kwa 5. Sehemu ya kwanza usitie kitu. Ya pili tia samadi ya kuku iliyooza. Ya tatu tia nusu kilo ya mbolea ya NPK 10-20-10 wakati wa kupanda, na nusu kilo ya mbolea ya urea mahindi yakifika magotini. Ya nne fanya kama ya tatu, ila sasa hivi, majuma kadhaa kabla ya kupanda, uwe umechanganya ndani ya udongo kilo 5 za chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa. Ile chokaa hai ya ujenzi inayochoma ngozi usiiguse. Panda punje moja moja, sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mimea. Utapata mimea 133 hivi kwa kila sehemu.

Kila Jumamosi ingia na daftari. Fungua moyo wa mmea: ukiona kinyesi kama unga wa mbao, ni kiwavi jeshi, aliyeingia Afrika mwaka 2016, na utamtambua kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni. Mwue kwa vidole. Andika kila kitu, pamoja na siku ulizoona uvivu usiende.

Vuna kila sehemu peke yake, pukuchua, kausha, pima kwa ile njia ya chumvi, kisha weka kwenye mizani. Tani moja kwa hekta ni kilo 2.5 katika kipande chako. Tani 5 ni kilo 12.5. Weka mifuko yote minne mezani mbele ya baba, kila mmoja na karatasi yake, umwombe akisie kipi kilitoka wapi. Kama wakati wa kupalilia ulikuwa unahesabu dakika urudi nyumbani, msikilize baba, mitambo ni kazi nzuri. Kama ulikuwa unachelewa kula kwa sababu umekaa unajiuliza kwa nini mstari wa tatu umegeuka njano, niletee daftari. Nitakupeleka Kipopo.